Miembe tisa ya mtaani: shajara ya kutafuta kinachoiumiza

Ng'ambo, Tabora

28 Mei

Kikao cha mtaa kimepitisha orodha ya miembe tisa ya kukatwa, na sababu iliyoandikwa ni moja kwa yote: "imeugua". Nikauliza imeugua nini. Mzee mmoja akasema mchwa. Kijana akasema fangasi. Mama mmoja aliyekaa nyuma akasema ule wa karibu na kisima una mkono wa mtu. Nikaomba tupewe msimu mmoja, tangu maua mpaka embe la mwisho, tuichunguze mmoja mmoja. Wamekubali, ila tawi likiangukia bati la mtu katikati ya uchunguzi, tunalipa sisi.

Sisi tuko wanne: mimi, mwalimu mstaafu wa baiolojia, kijana wa bodaboda asiyeogopa kupanda, na mfuga nyuki mmoja anayekaa ng'ambo ya reli.

Nilipotoka kikaoni nilirudi kwa njia ya miembe makusudi. Ukimtoa mtu Tabora ukampeleka Arusha, ukimwuliza anakumbuka nini atakuambia asali na kivuli cha miembe. Wenyeji husimulia kwamba mingi ya kwanza ilitokana na kokwa za watu wa misafara, waliokuwa wakipita hapa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mti wa namna hiyo hauandikiwi hukumu kwa neno moja.

2 Juni

Vifaa: futi, kisu kikali, panga, nyundo, lenzi ya mkono, karatasi nyeupe, kaunta buku, simu ya picha. Namba tumeziandika kwenye vibati vya makopo na kuzifunga kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani. Bodaboda alikuja na misumari, nikaikataa. Tumekuja kutafuta vidonda, tusianze kwa kuvitoboa.

Namna ya kazi nimeiazima kwenye mti ambao Tabora hauoti kabisa. Mpwa wangu anayesomea misitu alinitumia maelezo ya kuchunguza miti ya jamii ya Fraxinus, ile ambayo Waingereza huiita ash. Kule Marekani kuna mbawakawa wa kijani cha kung'aa, Agrilus planipennis, aliyetoka Asia na kutambuliwa Michigan mwaka 2002. Akitoboa gome ili atoke nje huacha tundu la umbo la herufi D, upana wa milimita 3 hadi 4, na ukibandua gome unakuta njia za funza wake zimejipinda kama herufi S. Ulaya wanasumbuliwa na ukungu, Hymenoscyphus fraxineus, unaoingilia majani, ukashuka kwenye vijitawi, ukaacha kidonda cha umbo la almasi pale tawi linapoungana na shina. Kwa mbali adui hao wawili wanafanana: kilele kimekauka, basi. Ukisogea na futi ndipo wanapoachana.

Kwa hiyo tumeandika maswali kwenye ukurasa wa kwanza. Kukauka kumeanzia juu, chini, ndani au upande mmoja? Ni majani mapya au ya zamani? Mti wa jirani una dalili hiyohiyo? Chini ya gome kuna ubichi? Na lile la mwalimu, ambalo mwanzoni nililiona la kizee: nini kilifanyika hapa miaka miwili iliyopita?

Tumeongeza mti wa kumi, mzima, wa kulinganishia. Nimetoa wa uani kwangu. Ni dodo, umenenepa, kilele kijani tupu, unazaa kila mwaka. Mfuga nyuki aliuzunguka akaona nyuki wanaingia kwenye tundu la tawi lililokatwa zamani, kama mita tatu juu. Nikaandika: "Namba 10, afya njema, una mpaka nyuki."

9 Juni

Mzunguko wa kwanza. Namba 2 tumeifunga leoleo. Malalamiko yalikuwa kwamba majani yamegeuka mekundu na yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ni machipukizi mapya. Jani changa la mwembe huzaliwa jekundu na laini, hukaza na kuwa kijani baadaye. Mwenye mti ana miaka kumi na tano anakaa chini yake! Alipoonyeshwa jani la wiki iliyopita na la leo kwenye tawi moja alicheka mwenyewe.

Namba 4: kosa lake ni kutozaa mwaka jana. Mwaka juzi ulizaa mpaka matawi yakaegemezwa kwa miti. Miembe mingi ina tabia hiyo, inajichosha mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Shina safi, majani safi. Tutangoja.

Namba 9 majani yana vinundu vidogo kama chunjua. Tukapasua kimoja kwa wembe, ndani kuna chumba kidogo cha kiluwiluwi cha inzi mdogo sana anayetaga kwenye jani likiwa bado changa. Jani linachukiza kutazama lakini linafanya kazi. Hakuna cha kukata hapo.

27 Juni

Maua yametoka karibu kila mti. Namba 8 mikungu yake imepakwa unga mweupe, kana kwamba mtu amepepeta sembe juu ya mti. Ni ubwiri unga, aina ya ukungu. Unapenda majira haya haya, usiku baridi na mchana mkavu, wala hauhitaji mvua. Ukigusa mkungu uliopigwa, vijiua vinakatika na kumwagika mkononi.

Mwenye nyumba ana salfa ndani na anataka kupiga. Mfuga nyuki kanyamaza kwanza, halafu kasema kama lazima, basi jioni nyuki wakiwa wamerudi, na kwa bomba linalofika. Hapo ndipo lilipo tatizo: mti una mita kumi na mbili, bomba la mgongoni linafika nne. Salfa ingeishia kwenye ndoo za maji za jirani. Tumeacha. Baada ya mavuno tutapunguza matawi ya ndani ili upepo na jua vipite.

Nimeandika pia kwa ajili ya wale watakaoniletea vikapu vya maua yaliyopukutika wakisema mti unakufa: mwembe hutoa maua maelfu kwa maelfu, na yanayofikia kuwa embe bivu hayafiki 1 katika 100. Kupukutika si ugonjwa.

14 Julai

Namba 5, ule mweusi. Kikaoni ndio uliotajwa kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu kweli unatisha, majani kama yamepikiwa juu ya kuni. Nilisugua jani kwa kidole. Weusi ulitoka kama masizi ya sufuria, chini yake jani kijani. Basi ukungu huo haujaingia ndani ya jani, unaishi juu tu. Unakula nini? Tukageuza majani ya juu yake, tukakuta vidung'ata, weupe kama vipande vya pamba, wamejipanga kwenye mshipa wa kati. Wanafyonza utomvu na kujisaidia tone tamu linalodondokea majani ya chini, na masizi yanaota kwenye utamu huo. Sisimizi nao wanapanda kwa mstari kulamba, na wakishapata riziki yao wanawalinda vidung'ata dhidi ya wanaowala.

Dawa yetu ni ya bei ya soda: utepe wa nailoni umezungushwa shinani, juu yake grisi. Grisi isiguse gome. Tumekata na matawi yanayogusa ukuta, maana sisimizi akifungiwa mlango hupitia dirishani. Kwa lenzi mwalimu ameona vidung'ata kadhaa waliokauka, kila mmoja na tundu mgongoni. Vinyigu vinavyotaga ndani yao vimeshaanza kazi. Kama mtu angepiga sumu wiki iliyopita, hao ndio wangekufa wa kwanza.

3 Agosti

Namba 3. Nimeuchelewesha makusudi kwa sababu niliuogopa. Nusu ya mti, upande wa barabara, imekauka kabisa. Nusu ya uani ina majani. Na mchwa wamejenga njia za udongo kutoka chini mpaka kwenye panda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmekuja kuupima pumzi?"

Akatuletea kigoda, akakaa kutusimamia. Nilikwangua njia ya mchwa kwa kisu, upana wa kiganja. Upande mkavu, chini ya udongo gome lilikuwa limekufa zamani na mchwa wanalila. Upande wa uani njia ilipita juu ya gome bichi bila kuligusa, kama mtu anayepita uani kwa jirani akienda dukani. Kwa hiyo mchwa amekuta maiti. Aliyeua ni nani?

Tukapekua matawi makavu: hakuna matundu, hakuna unga wa mbao, hakuna gundi. Hapo mwalimu akauliza swali lake la kizee. Bibi hakufikiri hata kidogo: "Miaka miwili iliyopita si ndipo walipochimba mtaro wa bomba?"

Tulichimba kwa jembe mita moja na nusu kutoka shinani. Kwenye sentimita thelathini tukakuta mizizi mitatu minene kama mkono wangu, imekatwa kwa mkato mmoja, imeoza ncha. Mizizi mingi inayolisha mti iko hapo juujuu, si kule chini ambako watu hudhani. Ukiikata ya upande mmoja, matawi ya upande huo ndiyo yanayolipa, tena si siku hiyo. Mti hula akiba yake mwaka, miwili, ndipo unapokauka, na waliochimba wameshasahau.

Bibi alitutazama tukifukia. "Basi mimi miaka miwili namtukana mchwa."

Uamuzi: upande mkavu unaondolewa kwa utaratibu, upande mzima unabaki, matandazo ya majani chini, maji ndoo nne kwa wiki mpaka mvua.

21 Agosti

Namba 7 ni virukia, mimea inayoota juu ya matawi ya mti na kuufyonza. Kiangazi ndicho kipindi cha kuviona. Ndege anakula tunda, mbegu ina ulimbo, anapangusa mdomo kwenye tawi, mbegu inanasa na kuchomeka mzizi ndani ya mbao. Bodaboda alipanda na msumeno. Kosa ambalo watu hufanya ni kung'oa kirukia chenyewe, mzizi unabaki na unachipua tena. Tumekata tawi zima, karibu sentimita thelathini chini ya uvimbe. Vilikuwa kumi na saba. Alishuka na mikono imechubuka, nikamnunulia chai na chapati.

10 Septemba

Namba 6, wa kisimani, ule wenye mkono wa mtu. Nisingependa kumcheka yule mama, kwa sababu mkono wa mtu kweli upo. Upande wa nyuma, usiopitika, watu wamekuwa wakichomea takataka pale pale shinani. Gome limeungua kwa urefu wa mita moja, limepasuka, gundi nyeusi inatiririka. Vijitawi vinakauka kuanzia ncha kurudi nyuma. Nikikipasua kimoja kwa urefu, naona mstari wa kahawia ukitangulia mbele ya sehemu iliyokufa, ndani ya mbao ambayo nje bado inaonekana nzima. Dalili hizo ni za ukungu wa jamii ya Lasiodiplodia, unaongoja mti udhoofike na upate kidonda ndipo uingie.

Tunakata mpaka tukute mbao safi isiyo na mstari, kisu na msumeno vinafutwa kwa spiriti baada ya kila tawi. Nimekaa na yule mama wa kikaoni, tukakubaliana jalala lihamie kwenye shimo. Yeye bado anasema kuna zaidi ya moto. Sawa, lakini moto usimame.

Nautia mti huu alama ya kuuliza.

1 Novemba

Namba 1 imeshtakiwa kwa "maembe ya funza". Tangu mwezi uliopita tumetundika mtego: chupa ya maji ya lita moja na nusu, matundu pembeni, ndani pamba yenye kivutio cha methaili yujinoli na sumu kidogo. Wiki ya kwanza inzi 4, wiki hii 61. Wote madume, kivutio hicho hakimwiti jike, kwa hiyo mtego unatuambia tu kwamba wapo na wanaongezeka.

Huyu ni Bactrocera dorsalis. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na Tanzania mwaka huohuo. Mwaka 2005 akapewa jina Bactrocera invadens, kisha mwaka 2015 wataalamu wakakubaliana kwamba ni yuleyule wa Asia. Jike hutoboa embe linalokaribia kuiva na kutaga ndani. Nilipasua embe moja lililoanguka juu ya karatasi nyeupe. Funza walikuwa weupe, hawana miguu, wamechongoka upande wa kichwa, na mmoja aliyekomaa alijikunja kama upinde akaruka sentimita nyingi tu, mwalimu akarudi nyuma na kigoda chake. Anaruka hivyo ili afike kwenye udongo, ajifukie, awe inzi.

Dawa ni nidhamu ya kuokota. Kila embe lililoanguka linaokotwa siku hiyohiyo, linafungwa kwenye mfuko mweusi na kuachwa juani siku kadhaa, au linafukiwa shimo la nusu mita. Watoto tumewapa kazi hiyo kwa malipo ya embe zima moja kwa kumi mabovu. Mradi umeshaanza kufilisika.

Jambo ambalo nimelirudia kwa mwenye mti mpaka nikachoka: ugonjwa wa embe si ugonjwa wa mwembe. Huyo inzi hajaua mti hata mmoja. Kukata namba 1 ni sawa na kubomoa duka kwa sababu panya wamekula unga.

16 Novemba

Mvua zimeanza. Maembe ya namba 4 (ambao mwaka huu umezaa kwa fujo) yametoka madoa meusi, mengine yamejipanga mistari kama njia za machozi, pale maji yanapotiririkia. Chule. Mvua inabeba mbegu za ukungu kutoka vijitawi vikavu vya juu. Tuvune mapema, tukaushe, tusirundike.

Tumepasua pia kokwa 40 kutoka miti yote, baada ya watoto kula. Kwa nje hazina kasoro, hata nyama haikuwa na alama. Ukiingiza ncha ya kisu ubavuni na kuzungusha, kokwa inafunguka kama kifua cha kuku, na ndani ya 23 mbegu imegeuka ungaunga mweusi, katikati kuna funza mnene aliyejikunja, kichwa cha kahawia, au fukusi mwenyewe mwenye pua ndefu, ameshakomaa. Mama yake alitaga juu ya ganda embe likiwa dogo, kidonda kikapona, mtoto akapita mpaka kwenye kokwa ingali laini. Kizazi kimoja tu kwa mwaka. Miezi mingine yote fukusi anajificha kwenye nyufa za gome akisubiri maua. Kokwa zote zinachomwa, kwenye shimo, mbali na shina lolote!

23 Novemba

Sikutaka kuandika ukurasa huu.

Asubuhi nilikuwa nafagia uani. Chini ya namba 10, kati ya mizizi miwili inayojitokeza, kumeota uyoga mgumu kama kipande cha ubao, nusu duara, juu kahawia ya kung'aa, ukingo mweupe. Majani yaliyo karibu yamemwagikiwa vumbi la kahawia kama kakao. Vumbi hilo ndizo mbegu zake. Uyoga wa aina hiyo ukitokea nje, ndani umeshakaa muda mrefu.

Nikachukua nyundo. Upande wa jua ulijibu ko, ko, kama mti unavyopaswa. Upande wa nyumba ulijibu kama ngoma.

Nimemwita mwalimu. Amenieleza taratibu, kama ninayepewa habari ya msiba: maji hupanda kwenye mbao changa za nje, chini tu ya gome. Moyo wa mti ni mbao iliyokufa, kazi yake kubeba uzito. Ukungu unaokula moyo hauzuii jani hata moja kuwa kijani. Kilele kizuri hakisemi chochote kuhusu kilichomo ndani.

Na nyuki? Mfuga nyuki alikuwa amesimama mlangoni. "Kundi kubwa vile linakaa wapi, kama si kwenye pango?" Amesema ameliwaza tangu Juni, ila aliona aibu, mti ni wangu na mimi ndiye kiongozi.

30 Novemba

Tumetoboa kwa keekee ya mkono, biti nyembamba, sehemu tatu. Kipenyo cha shina ni sentimita 96, nusu yake 48. Wakaguzi wa miti wana kipimo cha kukadiria: mbao nzima iliyozunguka pango isipungue kama 3 kwa 10 ya nusu kipenyo. Kwa mti huu ni sentimita 14 na kidogo. Tumepata 11, 9, na upande wa nyumba 6. Na umeinamia chumba wanacholala watoto wangu.

7 Desemba

Kikao. Nimesoma ukurasa kwa ukurasa. Saba zinabaki bila ubishi: 1, 2, 4, 5, 7, 8, 9. Namba 3 inabaki nusu. Namba 6 imepewa msimu mwingine, jalala limehama kweli. Halafu nikasema kuna mmoja wa kukatwa haraka, haumo kwenye orodha yenu, uko kwangu.

Yule mzee wa mchwa aliuliza kama natania. Akaja kuutazama, akatazama juu kwenye majani, akatikisa kichwa: "Huu? Huu ndio mzima kuliko yote." Nikampa nyundo.

11 Januari

Tulingoja mavuno yaishe. Juzi usiku mfuga nyuki aliwahamisha kundi kwa moshi, masega yenye watoto ameyafunga kwa kamba kwenye fremu za mzinga wake, asali imejaza debe moja na nusu, tumegawana mtaani. Leo umekatwa vipande kuanzia juu.

Kisiki nimekipima mwenyewe. Mbao nzima upande wa nyumba ni sentimita 5 na nusu. Mtoto wangu wa mwisho ameingia ndani ya pango akasimama, akatoa kichwa juu. Nta bado imeng'ang'ania ukutani, nimebandua kipande, kimewekwa ndani ya kaunta buku kwenye ukurasa wa 2 Juni.

Jumamosi ijayo: grisi ya namba 5 ibadilishwe, mvua imeiosha. Namba 6 ipasuliwe vijitawi vitatu upande wa kisima. Na nyundo izungushwe kwenye mashina yote yaliyobaki.